Mama Mkwe Kando ya Barabara

Siku ya mwisho ya safari ndiyo mbaya kuliko zote, muulize dereva yeyote wa watalii. Siku ya kwanza wageni wanacheka hata ukiwaingiza shimoni. Katikati wanasinzia. Siku ya mwisho kila mmoja anakumbuka alichoahidiwa na hakukiona, na wa kulaumiwa ni nani kama siyo dereva? Ila Nicolaus Burito, mtoto wa Mwitongo kule Butiama, alikuwa na lake jingine siku hiyo. Wageni hawakulijua.

Mke wake, Ghati, alikuwa na mimba ya kwanza, kubwa, na alikuwa kwa mama yake, kijiji cha kando ya barabara ukitoka Nyamuswa kwenda Butiama. Kliniki walishamwambia wazi: kondo limekaa vibaya, limeziba njia ya mtoto. Asijaribu kujifungulia nyumbani, wala asisubiri uchungu. Akiona damu, hata kidogo, ni Musoma hapo hapo, asikae kuulizana na mtu. Kwa hiyo mpango ulikuwa mmoja. Nicolaus amalize safari leo, awashushe wageni uwanja wa ndege Musoma, kesho asubuhi aje amchukue Ghati ampeleke kwa shangazi yake Makoko, akae karibu na hospitali mpaka siku yake ifike. Kesho tu. Ilibaki kulala na kuamka.

Utasema si apige simu ajue hali? Simu yake iliingia vumbi huko walikotoka, ikazima, na haikuwaka tena. Jana jioni aliazima ya mgeni wake mmoja, akapiga namba ya Ghati ambayo aliijua kwa kichwa. "Mimi mzima," Ghati akamwambia. "Huyu mwanao anapiga mateke tu. We njoo." Akalala na maneno hayo, akaamka nayo, na bado moyo haukutulia.

Safari yenyewe kampuni iliiita Safari ya Jangwa la Juu. Ni jina la kuuzia, lakini halikuwa uongo sana. Kule nyuma ya Ngorongoro, juu, kuna nchi ya majivu ya volkano, haina mti, haina kijito. Asubuhi baridi inakata masikio, mchana vumbi jeupe linaingia mpaka kwenye meno, na hewa ni nyembamba, mtu akipanda kilima kidogo anashika kiuno na kumwita mama yake. Wageni walikuwa wanne, watu wa hapa hapa nchini, wamechanga wakaja kuona nchi yao. Kiongozi wao alikuwa Prudence, mama wa Dar es Salaam, mwenye sauti ya kuamrisha na moyo laini. Kulikuwa na Stanslaus na mkewe Debora, wa Morogoro, watu wapole ambao kila kitu kwao kilikuwa "sawa tu". Na kulikuwa na mzee Isidori, mstaafu wa bandari. Huyo alikuwa amelalamika kuhusu baridi, vumbi, chai, na umbali wa choo, kisha akanunua shuka kubwa jekundu la Kimasai na hakulivua tena.

Sasa walikuwa wanashuka. Walishatoka hifadhini, wameipita Nata, hewa imekuwa nzito na ya joto, hewa ya watu. Ilibaki kusimama Butiama, kufika Mwitongo kuliona kaburi la Mwalimu, halafu ndege ndogo waliyoikodi, Musoma, mchana.

"Mimi nilikuja kwa ajili ya Butiama," mzee Isidori alisema, mara ya ngapi sijui. "Hayo majivu yenu mngeniachia."

"Tutafika, mzee," Nicolaus akajibu. "Kwetu kule. Nitawaonyesha mpaka mti niliokuwaga naanguka nikiwa mdogo."

Alikuwa mtu wa kufurahisha wageni, Nicolaus, na alianzia mbali mpaka kufika kwenye usukani ule. Alianza kwa kupakia magunia ya dagaa kwenye malori kule Bukima, ananuka mpaka ndugu zake wanamwambia alale nje. Akawa utingo, akajifunza kuendesha kwa kuamshwa na dereva aliyekuwa anapenda usingizi: "Shika kidogo, kijana, nifumbe jicho." Kufumba jicho kukawa kulala kutoka Bunda mpaka Musoma. Bunda ndiko alikompata Ghati, anashona sare za shule barazani kwa mtu. Nicolaus alichana suruali zake kwa makusudi mpaka zikamwishia, ndipo Ghati akamwambia, "Kaka, sema tu unachotaka, usiendelee kuumiza nguo." Ng'ombe wakatoka, harusi ikafungwa kanisani, watu wakala wakashiba.

Na tangu siku hiyo, miaka mitatu, Nicolaus na mama mkwe wake hawajawahi kusemezana hata neno moja.

Mgeni akisikia hivyo anadhani ni ugomvi. Ugomvi gani! Kwetu huku hiyo ndiyo heshima yenyewe. Yule ndiye aliyemzaa mke wako. Humtazami usoni, humpi mkono, huli naye, huingii anakolala. Mkikutana njiani, mmoja anaiacha njia. Ukitaka kumwambia kitu unamwambia mtu mwingine, hata kama mama mwenyewe yuko nyuma ya mlango anasikia kila kitu. Mjini siku hizi wanalegeza, wanapiga na picha pamoja. Sisi wengine bado, na Mama Ghati hakuwa mtu wa kulegeza.

Lakini Nicolaus alimjua. Alimjua kwa kikohozi, na kwa mwendo, bega la kushoto limeshuka kidogo. Alimjua kwa mkono wake jikoni. Kila akienda ukweni, sahani ililetwa nje na mtu mwingine, samaki wa kukausha aliyeungwa kwa karanga, na daima kichwa cha samaki kiliwekwa kwake, kwa kuwa mama alishaambiwa kwamba mkwe anapenda kichwa. Alimpenda mama yule, ndiyo, aseme nini zaidi. Alimpenda kwa kumkwepa, kama inavyotakiwa.

Walipoipita Nyamuswa jua lilikuwa limeshapanda. Mtama umesimama pande zote mbili, mrefu kupita mtu. Nicolaus alijua kona inayofuata ni ya ukweni, na alikuwa ameshaamua atapiga honi tu, Ghati asikie ajue amepita salama. Akakata kona.

Mbele, karibu katikati ya barabara, alisimama mwanamke anapunga kitenge juu kwa mikono miwili.

Gari ya kampuni inajulikana, ina twiga mkubwa mlangoni, hata asiyejua kusoma anaitambua. Yule mwanamke akamwona twiga. Akaruka pembeni, akajitupia kitenge usoni, akageuka kutupa mgongo, akaanza kuingia kwenye mtama. Na Nicolaus akaliona bega la kushoto. Akashusha kofia, akageuzia uso upande wa pili wa barabara, akakanyaga mafuta, akapita. Kila mmoja alifanya lile analopaswa kufanya, bila kusita, kama walivyofundishwa. Hata honi hakuipiga.

"Dereva!" Prudence akageuka kutazama nyuma. "Yule mama si alikuwa anasimamisha?"

"Ni mama mkwe wangu yule," Nicolaus akasema, na sauti yake ilikuwa na majivuno kidogo. Akawaeleza mambo ya heshima, akaeleza vizuri kama alivyozoea kuwaeleza wageni habari za twiga na nyumbu. Debora akacheka kwa mshangao. Stanslaus akasema kwao Uluguru nako kuna hivyo hivyo, ila wamelegeza.

"Yaani mkwe wako anakupungia," mzee Isidori akasema, "unamwachia vumbi, halafu ndiyo adabu?"

"Hakunipungia mimi, mzee. Alipojua ni mimi si aligeuka?"

"Sasa alikuwa anampungia nani?"

Nicolaus akabadilisha gia. Akaendesha. Gari ikapanda kilima, ikashuka. Alikuwa anampungia nani? Gari yoyote. Anataka kwenda wapi? Hakuwa na kikapu, wala mfuko, wala sandarusi. Mtu anasafiri mikono mitupu? Na kile kitenge alichokuwa anakipunga, si ndicho anachojifungaga kichwani? Mama Ghati, barabarani, kichwa wazi? Mama Ghati ambaye hata kuchota maji anajifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi? Na miguu. Ile miguu alipokuwa anaingia kwenye mtama ilikuwa peku.

Akafunga breki, vumbi lao wenyewe likawafikia na kuwapita.

"Dada Prudence, naomba simu."

Akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

"Narudi," akasema, akaanza kugeuza gari.

"Unarudi wapi?" mzee Isidori akauliza. "Ndege inatusubiri! Na Butiama je?"

"Mke wangu ana mimba, mzee. Aliambiwa akiona damu asikae. Yule mama hawezi kutoka barabarani vile bure. Hawezi."

"Si unadhani tu? Huna hakika."

"Sina. Naomba nikosee. Nikikosea, Clever atanifukuza kazi na nitashukuru." Clever ndiye bosi wake, Arusha, mtu asiyejua kusamehe ndege iliyoachwa.

Prudence alimtazama dereva wake, akamgeukia mzee. "Isidori, funga mkanda."

Mama Ghati alikuwa amesharudi barabarani. Safari hii alipoiona gari hakukimbia mbali. Aliingia kwenye mstari wa kwanza wa mtama, akakaa huko, mgongo umeelekea njia, mabega yanapanda na kushuka. Nicolaus akasimamisha gari mbali kidogo, akatazama usukani. Prudence akashuka akakimbia. Alirudi uso umebadilika.

"Ni damu," akasema. "Tangu asubuhi. Yuko ndani."

Sasa ndugu yangu, sikiliza vituko vya watu wenye adabu. Ghati alikuwa amelala chumbani kwa mama yake. Chumba hicho Nicolaus haruhusiwi hata kukichungulia. Aliruka fensi ya minyaa, akafika uani, akasimama kama amepigwa msumari. Mama yuko ndani tayari, ametangulia kwa njia ya nyuma. Kuingia hawezi. Kutoingia hawezi.

"Ghati!" akaita.

"Nico," sauti ikajibu, ndogo. "Usiingie. Mama yupo."

"Mnafanya mchezo gani?" mzee Isidori akapiga kelele kutoka kwenye gari. "Mtu anamwaga damu, nyie mnasalimiana?"

Ikabidi Prudence awe mjumbe. Mama anasema mkwe asubiri, yeye atatoka kwa mlango wa nyuma azunguke zizi, ndipo mkwe aingie kwa mbele. Nicolaus anasema sawa, lakini mama afanye haraka. Mama anasema ameshatoka. Anasema aingie, lakini asitazame ukutani, nguo zake zimetundikwa pale. Nicolaus akaingia macho yameshuka, hakuona ukuta wala dari, aliona godoro tu. Lilikuwa limelowa damu. Akamfunga Ghati kwa shuka la kitanda, akamnyanyua. Alikuwa mzito na wa baridi, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Usilie," Ghati akamwambia. "Mama atasikia."

Wakamlaza kiti cha nyuma. Kichwa chake ilibidi kishikwe, na wa kukishika ni mama yake, hakuna mwingine. Mama Ghati akasimama nje ya mlango wa gari, amejifunika uso wote. Gari moja, chumba kimoja, yeye na mkwe. Mguu ulipanda, ukashuka.

"Mama, panda," Prudence akasihi.

"Atanionaje?" akanong'ona. "Ile kioo yake inaonaga nyuma."

Nicolaus alisikia. Akashika kioo cha ndani, akakigeuza mpaka kikatazama paa. Hapo mzee Isidori, aliyekuwa ananung'unika kuhusu muda, akalivua shuka lake jekundu, mara ya kwanza kuvuliwa tangu liliponunuliwa. Akampa Stanslaus ncha moja.

"Shika huko juu. Pazia. Haya, mama, panda, hakuoni na wewe humwoni, tuondoke hapa kabla sijazeeka zaidi."

Wakaondoka hivyo. Mbele, Nicolaus na Prudence. Katikati, Debora kabanwa baina ya wanaume wawili walionyoosha mikono juu na shuka limetandazwa. Nyuma ya shuka, mama na binti yake. Umeona gari ya namna hiyo? Sisi tuliokaa kando ya ile barabara tuliiona, na tulijiuliza wale watu wamebeba nini.

Nicolaus aliendesha kama hajawahi. Kokoto zilipiga chini ya gari. Kila shimo alilolikwepa lilimtupa mzee Isidori ubavuni kwa Debora, na kila lililomshinda kulikwepa lilimfanya Ghati agune kule nyuma, na kila mguno ulimwingia Nicolaus mbavuni.

"Mwambie baba apunguze," sauti ya Mama Ghati ikatoka nyuma ya shuka.

"Mama anasema upunguze," Prudence akasema.

"Nimesikia. Mwambie nikipunguza tutachelewa."

"Anasema..."

"Nimesikia," Mama Ghati akasema. "Mwambie basi apite pazuri."

Karibu na Butiama ng'ombe walikuwa wameijaza barabara, mapembe kwa mapembe, na mchungaji yuko mbali anaongea na mtu. Nicolaus alipiga honi, ng'ombe wakamtazama. Akaiingiza gari katikati yao polepole, bampa linasukuma mbavu za ng'ombe, akamwomba Mungu na kuwatukana ng'ombe kwa pumzi moja. Walipochomoka upande wa pili, nyuma kulikuwa kumetulia mno. Ghati alikuwa haguni tena.

"Ghati," mama yake aliita. "Ghati. We, Ghati." Kisha, kwa haraka, "Mama, mwambie baba amwite. Mimi amenizoea. Mwambie amwite kwa nguvu."

Prudence alijaribu kusema akashindwa, alikuwa analia. Nicolaus hakusubiri.

"Ghati! Suruali imechanika tena! Unasikia? Nani ataishona?" Sauti yake ilipasuka. "Ghati, nijibu. Nijibu basi!"

Hakuna kitu. Matairi tu. Kibao cha Mwitongo kikapita dirishani, na mzee Isidori akakiona, akakitazama mpaka kikaisha.  Mikono yake ilikuwa bado juu ya kichwa, na lile shuka lilikuwa halijashuka hata kidogo.

"...kashone mwenyewe," ikatoka nyuma, pumzi tupu.

Debora akasema, "Asante Yesu." Nicolaus akafuta macho kwa mkono wa shati, wakaingia lami, akakanyaga. Makutano wakaipita. Bweri wakaipita. Akaendelea kumsemesha mkewe njia nzima, mambo ya hovyo, majivu ya kule juu, mgeni aliyeibiwa mkate na ndege, na kila baada ya kitambo akauliza, "Unasikia?" Majibu yalizidi kuwa machache. Walipoingia geti la hospitali hayakuwepo tena.

Manesi walimpokea mbio kwenye kitanda cha magurudumu. Mlango ukafungwa. Wageni wakatafutiwa bajaji za kwenda uwanjani, Prudence anamkumbatia Mama Ghati, mzee Isidori anamwambia Nicolaus, "Huyo bosi wako akikusumbua, nipe mimi niongee naye." Wakaenda. Na ghafla ukumbi ule ukawa na Nicolaus mwisho wa huku, Mama Ghati mwisho wa kule kajifunika anatazama ukuta, na katikati yao mzee mmoja wa mguu wa plasta aliyelala na mdomo wazi. Mjumbe hakuwepo tena.

Walikaa hivyo muda ambao Nicolaus hakutaka kuujua. Alitamani kumuuliza mama, damu ilianza lini? Alilalamika tangu jana? Nani wa kumuulizia? Akabaki nayo tumboni.

Mlango ukafunguliwa. Nesi akatoka na kifurushi, akamkabidhi Mama Ghati. "Mtoto mzima, wa kike. Mama yake bado." Akarudi ndani kabla mtu hajauliza bado maana yake nini. Nicolaus alisimama. Mwanawe alikuwa pale, mwisho wa ukumbi, mikononi mwa mtu asiyeweza kumsogelea. Alinyoosha shingo. Aliona kidole kimoja, kimetoka nje ya kanga.

Nesi mwingine akaja kutoka upande wa maabara, mwendo wa haraka. "Ndugu wa Ghati? Damu tunampa, lakini haikatiki, tunahitaji nyingine. Mama, wewe ni damu yake, njoo sasa hivi tukupime. Mtoto mpe mtu."

Mpe mtu. Mama Ghati alitazama huku na kule. Mzee wa plasta anakoroma, na kitoto kichanga hapewi mtu asiyejulikana. Nesi ameshageuka anaondoka. Nyuma ya mlango binti yake anaishiwa. Akamtazama Nicolaus, kisha akaitazama sakafu iliyokuwa baina yao, urefu wa ukumbi mzima.

Akaivuka. Alitembea moja kwa moja, bega la kushoto limeshuka, na katikati ya njia kitenge kikamteleza kichwani, hakukirudisha. Nicolaus alirudi nyuma hatua moja, ni mwili tu ulifanya, ukuta ukamzuia. Mikono ya mama ikafika kwenye mikono yake. Ilikuwa ya moto na yenye sugu.

"Mshike kichwa," Mama Ghati akasema.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza. Kisha akakimbia kumfuata nesi, peku.

Aliporudi alikuwa na pamba kwenye kiwiko. Angeweza kwenda kukaa kule alikokuwa. Alikuja akakaa kwenye benchi la Nicolaus, wote wawili wanatazama ukuta wa mbele. Ule mlango bado umefungwa. Nicolaus alikuwa na mtoto mikononi na roho nje ya mwili.

"Niliijua gari," Mama Ghati akasema, sauti ya chini. "Nilimwona twiga. Nikasema, mkwe ataniona kichwa wazi. Nikageuka. Mwanangu yuko ndani anaisha, mimi nikawaza kichwa." Akakifunika kile kidole cha mtoto. "Akifa, ni mimi."

Nicolaus akamhamishia mtoto mkono wa pili. Miaka mitatu ya kutumiwa vichwa vya samaki, na hakuwa na hata neno moja aliloliandaa.

"Mama, na mimi nilikujua," akasema. "Nililiona bega. Nikakanyaga mafuta. Tena niliwaringia wageni, nikawaambia hii ndiyo heshima."

"Uliwaambia hivyo?"

"Niliwaambia."

Mama Ghati akajifuta uso kwa kiganja. "Wewe ulirudi lakini."

"Nilichelewa kurudi."

"Wewe ulirudi, baba," akarudia, kwa nguvu, karibu kwa ukali, mpaka mzee wa plasta akashtuka usingizini. "Usinibishie. Mimi ningekaa kwenye ule mtama mpaka jua lizame."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nasema! Leo nasema. Nani atanikataza?"

Na walikuwa wanaendelea, sauti zinapanda bila wao kujua, kila mmoja anagombania kosa liwe lake, mlango ulipofunguliwa. Yule nesi wa kwanza akatoa kichwa. Wote wawili wakasimama. Nicolaus alijaribu kuusoma uso wake akashindwa, maana haukuwa na huzuni wala furaha, ulikuwa na mshangao.

"Jamani, nyie ndio ndugu wa Ghati? Damu imekata. Ameamka, lakini amehangaika kweli, hataki kutulia." Akawatazama mmoja, kisha mwingine. "Anasema anasikia mama yake na mume wake wanaongea hapa nje. Anauliza, yeye ameshakufa?"

Mama Ghati akashika mdomo. Nicolaus akamtazama, usoni, macho kwa macho, akakuta anatazamwa.

"Hujafa!" wakaita wote wawili kwa pamoja.

Mlango ulikuwa bado wazi. Kisha sauti ya Ghati ikaja, nyembamba, imekauka, imejaa hofu ya kweli.

"Wote wawili? Basi nimekufa."